Meza yangu ya saiprasi imepasuka. Nikiweka mvule nitapona?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyehamia nyumba mpya upande wa Riat, Kisumu. Anasema mwaka jana alitengenezewa meza ya kula ya watu sita kwa mbao ya saiprasi, ikaletwa iking'aa vizuri sana, lakini miezi michache baadaye ikapasuka mstari mrefu katikati na kona mbili zikainuka. Sasa anataka kuagiza nyingine ya mvule, pamoja na pambo kubwa la mbao la ukutani juu ya sofa. Bei ya mvule imemshtua, kwa hivyo anauliza: je, mvule haitapasuka? Na amuulize fundi nini kabla hajatoa deposi?

Dada yangu, pole kwanza, manake najua meza ya kula si kitu mtu ananunua kila mwaka. Jibu la haraka ni kwamba mvule pia itapasuka ikitengenezwa vile ile ya kwanza ilitengenezwa. Na saiprasi ikikaushwa sawasawa na ikafungwa vizuri kwa miguu inakaa miaka na miaka, watoto wakue wakiilia hapo mpaka waolewe. Watu wengi wakiumizwa na meza wanakimbilia mbao ya bei, lakini mara nyingi shida haikuwa aina ya mti, ilikuwa maji ndani ya mbao na vile top, yaani ule ubao wa juu wa meza, ilishikwa.

Wacha nieleze hii ya maji kidogo, ukiielewa hata fundi hawezi kukuzungusha. Mti ukikatwa una maji mengi. Mengine yako tu kwenye vile vitundu vya ndani na mengine yameshikwa na nyuzi zenyewe. Yale ya kwenye vitundu yakitoka mbao inakuwa nyepesi lakini haibadiliki umbo. Ni ukishuka chini ya unyevu wa kama asilimia 28 hadi 30 ndio sasa nyuzi zenyewe zinaanza kukauka, na mbao inaanza kupungua upana, inaendelea hivyo mpaka ilingane na hewa ya nyumba yako. Mimi mbao ya meza ya ndani nataka iwe kati ya asilimia 10 na 14. Sasa mbao iliyopasuliwa juzi ikaletwa yadi ikarandwa hapo hapo unaweza kuipata bado iko 20 na kitu, na kwa macho huwezi kujua kabisa, ikishapigwa randa na msasa inakaa kavu tu kama zingine.

Kitu kingine, mbao haipungui urefu, yaani inapungua kidogo sana hata huwezi kuona. Inapungua upana. Na upana wenyewe unategemea vile gogo lilipasuliwa, ule ubao ambao pete za mti, zile duara unazoziona kwa ncha ya gogo, zimelala unapungua karibu mara mbili ya ule ambao pete zimesimama wima. Chukua top ya upana wa sentimita 90, itoke unyevu wa 20 ishuke 12, kwa miti mingi hapo umepoteza kati ya sentimita moja na mbili. Hizo sentimita lazima zitoke mahali. Kama fundi ameacha nafasi, top inajivuta pole pole na wewe hujui lolote. Kama ameifunga kwa skrubu kali kila upande, mbao inavutana na skrubu, na penye ni dhaifu panaachia, ndio huo mstari wako wa katikati.

Fanya hivi leo jioni, chukua tochi ya simu uingie chini ya hiyo meza. Angalia ile fremu inayoshika miguu, uone skrubu zimeingiaje kwa top. Nina hakika karibu yote utakuta zimepigwa moja kwa moja, tundu dogo la kubana kabisa, pande zote nne. Kisha pitisha mkono chini ya top yenyewe. Ikiwa ni laini juu lakini chini inakwaruza, haina vanishi, basi umejua kwa nini kona zimeinuka. Juu pamezibwa na chini pako wazi, hewa ya mvua ikija chini inavuta unyevu na kuvimba, Januari ikifika inautoa haraka, huku juu pakienda mwendo wake. Ubao ambao pande zake mbili haziendi pamoja lazima ujikunje.

Na hiyo meza usiitupe, wala usikubali mtu akujazie ule ufa na gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Itaonekana imepona wiki mbili, halafu mvua ya Aprili ikija mbao inataka kurudi mahali pake inakuta pamejazwa, na itapasuka pembeni pa ufa wa kwanza. Njia inayokaa ni kufungua skrubu zote, kuiacha top ndani ya nyumba wiki kadhaa imalize kukauka ikiwa imeegemezwa ukutani na vijiti nyuma hewa ipite pande zote, kisha inapasuliwa na msumeno kufuata ule ufa mpaka pande zote mbili ziwe vipande kamili, kingo zinapigwa randa zinyooke, zinabandikwa upya na gundi na kubanwa na klempu usiku kucha. Utapoteza kama sentimita moja ya upana na hakuna mgeni atajua. Baada ya hapo inarandwa ile mikunjo, vanishi inapakwa juu na chini, na inarudishwa kwa miguu kwa njia nitakueleza hapo mbele. Kazi hiyo ni bei ndogo sana ukilinganisha na meza mpya ya mvule, na kusema kweli mimi ningeanza hapo kabla ya kuagiza kitu.

Lakini najua roho yako iko kwa mvule, na si kosa, ni mbao nzuri. Inapungua kidogo kuliko nyingi, mchwa hauiwezi, na ile rangi yake ya dhahabu inazidi kukolea ikikaa kwa mwanga mpaka inakuwa kahawia ya kupendeza sana. Ina tabia yake lakini. Ndani ya mvule kuna wakati unakuta jiwe, jiwe kabisa, chokaa iliyoganda ndani ya mti ukiwa bado hai, na msumeno ukiligonga meno yanaisha hapo hapo. Mafundi wanaolipisha kazi ya mvule juu kidogo wana sababu. Na vumbi lake linawasha pua na macho na kifua, kwa hivyo ukipita kwa fundi ukute anaipiga msasa bila maski mwambie avae, ni afya yake. Mvule na mahogani nyingi zinazouzwa huku zimeingia kupitia Busia na Malaba kutoka Uganda na Kongo, na nyingine ni ya mashamba ya huku magharibi, uliza risiti na karatasi ya kusafirisha ya KFS, ile Huduma ya Misitu ya Kenya. Fundi anayenunua vizuri hatakasirika ukimuuliza.

Sasa kabla ya kulipa bei hiyo, kuna mbao zingine ziko karibu na wewe watu wanazipita tu. Siala, ile Waluhya wanaita lusiola, iko kila boma kutoka Siaya mpaka Vihiga, wazee wameitumia kwa nguzo za nyumba vizazi na vizazi. Ikipatikana yenye shina nene na ikikaushwa inatoa mbao ya rangi ya asali hafifu, inarandika vizuri, na mimi naipenda kwa viti na kwa fremu. Grevilea nayo iko mashambani kote, na ikipasuliwa ile ya pete kusimama inaonyesha maua madogo ya kung'aa kama lesi, wateja wakiiona imepigwa msasa wanauliza ni mbao gani hiyo ya kutoka nje. Kwa top ya meza ningekaa mbali na bluugamu, yaani mkaratusi, inapungua sana na inajipinda hata ukiikausha kwa adabu. Mwembe una michoro mizuri sana lakini ile sehemu yake nyeupe inapendwa na mdudu anayetoboa, utaona vitundu kama vya pini na unga laini kama poda sakafuni, kwa hivyo usiikubali kama haijalowekwa dawa ya boraksi au kukaushwa kwa joto. Saiprasi ya kutoka huku kwetu Molo na Elburgon haina shida, tatizo lake ni haraka. Tangu serikali ipige marufuku kukata miti kwenye misitu ya umma Februari 2018 mbao ilikuwa ngumu kupatikana, na hata baada ya Rais kutangaza 2023 kwamba marufuku imeondolewa, ile tabia ya kuchukua mbao ikiwa mbichi, kwa sababu ukichelewa mwenzako amebeba, imebaki kwa yadi nyingi.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa fundi si "ni mbao gani", ni "imekaa wapi na kwa muda gani". Mwambie akuonyeshe. Mbao inayokaushwa vizuri imeinuliwa kutoka chini, iko kwa kivuli penye upepo, kati ya ubao na ubao kuna vijiti vya unene mmoja vimepangwa kwa mstari, na ncha zimepakwa rangi au nta kwa sababu maji yanatoka kwa ncha haraka kuliko mahali pengine popote na nyufa nyingi huanzia hapo. Mbao ngumu kama mvule ya unene wa inchi moja inataka karibu mwaka mzima kwa hewa tu. Saiprasi ni miezi, ikiwa jua na upepo upo. Ukikuta mbao zimelundikwa juu ya nyingine zikilala chini kwa saruji na mtu anakuambia hizo ni kavu kabisa madam, shukuru na uende kwa jirani. Pale soko la Kibuye, Kisumu, mafundi wazuri wapo wengi, na wengine wana ile mita ndogo ya kudunga inayosoma unyevu, mwambie adunge katikati ya ubao, mahali pamekatwa sasa hivi, si kwa ncha, ncha hudanganya.

Kama hana mita iko njia ya nyumbani na ni ya uhakika. Omba kipande kidogo kilichokatwa katikati ya huo ubao, kisicho na rangi wala vanishi, ukipime kwa mizani ya jikoni. Kiweke kwa oveni joto la nyuzi 100 hivi, saa kadhaa, unakitoa unapima unarudisha, mpaka uzito uache kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 280 kikaishia 250, maji yaliyotoka ni 30, gawanya kwa 250, ni asilimia 12. Hapo agiza. Kingekuwa 310 kikaishia 250 hiyo ni 24, mwambie fundi utarudi ikikauka. Ukae karibu na oveni lakini, usikiache humo uende sokoni.

Swali la pili, top itashikwaje. Hapa ndipo utamjua fundi. Atakayekuambia "naweka skrubu nyingi sana haitatoka" ndiye anakutengenezea ufa mwingine. Unataka kusikia moja kati ya mambo mawili. Aidha tundu za skrubu kwenye fremu zinachongwa ndefu kwa upande wa upana wa meza, kama kijifereji, na skrubu inawekwa na washa, kile kipete bapa cha chuma, ili iweze kuteleza. Ama anachonga mfereji ndani ya fremu na kutengeneza vifungo vidogo vya mbao, kila kimoja kina ulimi unaoingia kwa mfereji, na skrubu inakishika kwa top peke yake, kwa hivyo top ikipungua vifungo vinateleza nayo na hakuna kinachovutwa. Hii ya vifungo ndiyo mimi napendelea, inachukua muda lakini ni kitu kizuri kukiangalia hata kama hakuna mtu atakiona. Katikati ya meza unaweza kukaza, pembeni ndio paachiwe. Miguu na fremu ziunganishwe kwa motisi na tenoni, yaani ulimi wa mbao ndani ya tundu, si misumari, si pembe za chuma tu. Ukikuta kiti au meza inacheza baada ya mwaka karibu kila mara ni misumari.

Vipimo nitapita haraka. Urefu kutoka sakafuni sentimita 75, kiti 45, kila mtu apewe sentimita 60 za kukaa, kwa hivyo ya sita ni 180 kwa 90 na hakuna mtu atagongana viwiko. Usikubali top ya mbao mbili pana sana, bora vipande vya upana wa sentimita 10 hadi 12 vimebandikwa, vinatulia zaidi.

Vanishi: uliza ni gani, na usisahau kusema juu na chini. Ile ya NC (nitroselulosi) inayopulizwa inakauka haraka na inang'aa, ndio maana inapendwa, lakini sufuria ya moto na kikombe cha chai vinaiachia alama, na ikipulizwa siku ya mvua inashika ukungu mweupe kwa sababu unyevu wa hewa unanaswa ndani. Kwa Kisumu msimu wa mvua mwambie apulize saa za mchana jua likiwa limetoka. Kwa meza ya watoto mimi ningesema poliyurethani, tabaka nyembamba tatu, msasa laini katikati. Ukitaka ile ya kugusa mbao yenyewe kuna mafuta ya linsidi na nta ya nyuki juu yake, utakuwa unarudia kila baada ya muda, lakini ikikwaruzwa unapaka hapo tu. Vitambaa vilivyolowa linsidi visikunjwe vikatupwa kona, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianikwe nje au viwekwe kwa maji.

Sasa tuje kwa pambo la ukuta, na hapa ndipo kazi inaanza kuwa tamu. Wengi wanaagiza kubwa mno ama dogo mno. Lichukue karibu theluthi mbili ya upana wa sofa, sofa yako ikiwa sentimita 220 basi pambo liwe 145 au 150, na ukingo wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa sofa. Hapo mtu akikaa hagongi kichwa na macho bado yanaunganisha pambo na kiti, haviachani.

Ungeniachia mimi kuchagua ningefanya vipande vidogo vidogo vya mbao tofauti, mvule ya kahawia, siala ya asali, saiprasi nyeupe, unene tofauti, vingine milimita 8 vingine 20, vimepangwa vifuate mstari mmoja mrefu kama mawimbi ya ziwa jioni. Uzuri wake ni kwamba unatumia mabaki ya meza yenyewe, kwa hivyo meza na ukuta vinaongea rangi moja, na bei inashuka sana kwa sababu mvule unayonunua ni ya vipande tu. Ukitaka kitu cha hapa hapa zaidi acha sehemu ya katikati iwe mafunjo yaliyosukwa, pale Dunga kuna watu wanaosuka mafunjo kwa mkono na kazi yao ni safi, ama uingize vipande vya jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, lile jeupe lenye mishipa ya waridi, likisuguliwa linang'aa kando ya mvule mpaka unataka kuligusa. Jiwe lisizidi unene wa milimita 6 hivi, ni zito.

Sheria ya maji haijaisha kwa sababu kitu kiko ukutani. Vipande vidogo havina shida, kila kimoja kinapungua kidogo sana, ila usiache fundi avibane kabisa, kati ya kipande na kipande abakishe uwazi wa unene wa kadi. Kinachokataa ni kuchukua ubao mzima mpana na kuubandika wote kwa gundi juu ya plaiwudi, plaiwudi haisongi na ubao unasonga, mmoja atauvunja mwenzake. Nyuma weka plaiwudi ya milimita 12, si MDF ya kawaida, yaani ubao wa unga wa mbao uliobanwa na gundi, ile ikishika unyevu inavimba kingo kama mkate.

Uzito uuangalie. Pambo la 150 kwa 75 la mvule ya sentimita mbili na plaiwudi nyuma linaweza kufika kilo 20 na kitu, na kuta zetu za mawe zina plasta ambayo msumari unaipasua tu na baada ya wiki unalegea. Tumia keekee yenye ncha ya kutoboa simiti, toboa mpaka uingie kwa jiwe lenyewe, weka raulplagi, kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani, na skrubu ndefu. Njia nzuri zaidi ni vipande viwili virefu vya mbao vilivyokatwa mshazari wa digrii 45, kimoja kinafungwa kwa ukuta na kingine nyuma ya pambo, kimoja kinakalia kingine. Ukitaka kufagia nyuma unaliinua tu. Na chini nyuma weka vijiti vya unene ule ule lisimame wima na hewa ipite, hasa kama ukuta huo ni wa nje unaopigwa na mvua.

Taa ndiyo itaamua kama pambo linaishi ama limekufa. Taa ya katikati ya dari inalifanya liwe bapa, hutaona vile vimo vyote fundi amechonga. Weka taa ndogo ya juu inayoteremka kando ya ukuta, kila kipande kitatupa kivuli chake kwa jirani na jioni utaona mawimbi yanatembea. Lakini jua la moja kwa moja la saa kumi hapana. Kama dirisha lako linaangalia magharibi hesabu kwamba mvule itakolea na mbao nyeupe zitageuka njano, na mafunjo yatapauka.

Kwa malipo, usitoe zaidi ya nusu kabla hujaona mbao yenyewe imekatwa. Nyingine utoe ukiona kazi ikiwa bado haijapakwa vanishi, uingie chini na tochi uone vifungo, na iliyobaki ikifika nyumbani. Kabla ya yote hayo lakini niandikie upana wa sofa, ukuta huo ni wa ndani ama wa nje, na dirisha linaangalia wapi, na piga picha ya chini ya ile meza ya saiprasi. Nikiona skrubu zilivyo nitakuambia kama ya kupasua na kubandika inatosha, ama fremu pia ifanywe upya.